Mtandao unaokuacha uende zako

Kuna swali nimejizoesha kujiuliza kabla sijafungua akaunti popote: nikiifunga hii app saa hii nikaenda kulala, nani anapata hasara? Kwenye mitandao mikubwa jibu liko wazi, kuna kampuni inapoteza. Inapoteza kidogo sana, visenti tu vya tangazo ambalo sikuliona, ila ukizidisha kwa mabilioni ya watu ndo biashara yenyewe hiyo. Kwa hiyo kuna mainjinia huko wenye akili kuliko mimi na wewe, wanalipwa vizuri, na kazi yao ukiichambua mpaka chini kabisa ni kuhakikisha mi silali. Wala sio watu wabaya, wana watoto, wana mikopo, ni watu poa tu. Ila wanapimwa kwa muda niliokaa, na mtu yeyote ukimpima kwa kitu fulani atakihangaikia hicho kitu.

Mi nina sonona. Ya kuja na kuondoka, tangu ujana, nshakaa na madaktari, dawa nimemeza, naendelea vizuri na sitaki kuifanya stori ya huruma hapa. Naitaja sababu mtu mwenye sonona anautumia mtandao tofauti. Mtu asiyeumwa akichoka kuskroli anaweka simu pembeni. Mi nikiwa chini sichoki, kuskroli kunageuka kuwa namna ya kutokuwepo, masaa yanapita hujasoma kitu cha maana hujaongea na mtu, unakuja kushtuka betri imekwisha na macho yanauma na ile hali iko palepale ilipokuwa, tena imeongezewa na aibu ya siku kupotea. Na algorithimu, ile programu inayopanga uonyeshwe nini, ambayo hainijui mimi ni nani ila inajua kidole changu kilisimama wapi, ikiona nimesimama kwenye posti ya huzuni inaniletea ya pili, ya tatu, ya kumi. Inadhani ndo napenda.

Haya mambo hayakushuka toka mbinguni, yametengenezwa na yana tarehe zake. Zamani ukurasa ulikuwa unaisha, unafika chini unabofya kwenda wa pili, na hapo katikati akili inapata upenyo wa kujiuliza hivi bado nataka? Mwaka 2006 jamaa anaitwa Aza Raskin akabuni namna ya ukurasa kujiongeza wenyewe kadri unavyoshuka, na mwenyewe baadaye akaja kusema hadharani kwamba anajutia. Kitufe cha laiki Facebook walikileta Februari 2009. Mwaka 2016 Twitter na Instagram wakaachana na kupanga posti kwa muda zilizoandikwa, wakaanza kupanga kwa kubashiri nini kitakushika. Na katikati hapo, Januari 2012, kwa wiki moja Facebook walichezea taimlaini za watu 689,003, wengine wakapunguziwa posti za furaha, wengine za huzuni, lengo kuona kama hisia zinaambukiza. Zinaambukiza, kidogo sana lakini zinaambukiza. Utafiti ulipochapishwa 2014 watu wakachachamaa sababu hakuna aliyeulizwa ridhaa. Matokeo yenyewe hayakunishangaza, mtu yeyote aliyewahi kukaa na mtu mwenye huzuni angekwambia. Ila kujua kwamba swichi ipo, na mtu kaigusa, hilo lilinikaa.

Afu 2021 Frances Haugen akatoka Facebook na nyaraka za ndani, ndani yake kuna slaidi kuhusu Instagram inasema wasichana 1 kati ya 3 wa umri wa ujana tunawazidishia tatizo la kuuona mwili wao vibaya. Kampuni ikajibu kwamba imesomwa vibaya. Sawa.

Lakini tusidanganyane. Anayekwambia mitandao imeharibu akili za kizazi kizima anaongeza chumvi. Kuna wachumi waliwalipa watu Marekani wazime Facebook kwa wiki 4 kabla ya uchaguzi wa 2018, majibu yakaja kwamba waliozima walipata kama saa nzima ya ziada kwa siku na wakawa na furaha zaidi, ila zaidi kwa kiasi kidogo tu. Hata mi nikizima kila kitu ndo inakuwa hivyohivyo, siku za kwanza najisikia mwepesi, afu baadaye nagundua kwamba nimetoa kitu kibaya na pale kilipokuwa hamna kitu. Ukimya tu. Na ukimya nao unaumiza. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2025 likasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na upweke unahusishwa na vifo kama 871,000 kila mwaka. Kwa hiyo ushauri wa "toka tu mtandaoni" kwa mtu ambaye marafiki zake wengi wako mtandaoni, au mgonjwa asiyetoka nyumbani, au mtu ambaye hapo alipo hakuna hata mmoja anayeelewa anachopitia, huo ushauri ni kama kumwambia ahame nyumba bila kumwambia aende wapi.

Pa kwenda papo. Padogo, pana kasoro zake nitazisema zote, ila papo.

Mitandao isiyo ya biashara ni mingi kuliko watu wanavyodhani. Inayojulikana zaidi ni Mastodon, aliianzisha Eugen Rochko akiwa Ujerumani mwaka 2016, ila iko familia nzima wanaiita Fediverse: Pixelfed ya picha, PeerTube ya video ambayo inatengenezwa na chama cha Kifaransa kinaitwa Framasoft, Lemmy ya mijadala, Friendica ambayo ipo tangu 2010. Hakuna kampuni moja inayomiliki zote. Ni seva ndogondogo maelfu, yaani kompyuta zinazobeba mtandao, kila moja na wenyewe wake na sheria zake, zinaongea kwa itifaki moja inaitwa ActivityPub ambayo W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, waliipitisha rasmi Januari 2018. Mtu wa seva hii anamfolo mtu wa seva ile bila shida, kama ambavyo barua pepe haijali mwenzako yuko kwa nani. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44 watu wakamiminika huku kwa fujo, wengi wakarudi walikotoka baada ya muda, baadhi wakabaki. Mi nilikuwepo kabla na nikabaki, sio kwa sababu ya siasa za Musk wala nini. Nilibaki sababu huku unafika mwisho.

Yaani unaisha kweli. Unafungua, unasoma waliyoandika watu uliowachagua mwenyewe, kwa mpangilio wa muda, unafika pale ulipoishia jana, basi. Hamna tangazo, hamna "huenda ukapenda". Mara ya kwanza inaboa kinoma, nakiri, unahisi pametelekezwa. Unakaa na ule uboaji na vidole vinawasha vinataka kushusha tena. Mi nadhani ule uboaji ndo dawa yenyewe, au nusu ya dawa, sababu hapo ndo akili inarudishiwa uamuzi, nakaa au naenda? Na ukienda hakuna notifikesheni ya kukuvuta mkono eti kuna mtu umemkosa. Hakuna anayepata hasara.

Vitu vingine ni vidogo ila vimefikiriwa na watu waliowahi kuumizwa mtandaoni, unaona kabisa. Kwa mfano ukiwa kwenye taimlaini ya Mastodon kwa wavuti, kwa kawaida huoni posti imepata laiki ngapi mpaka uifungue. Ukiwa mzima hilo halina maana, ukiwa na ile sauti ya ndani inayokwambia hakuna anayekutaka, basi namba chini ya kila sentensi uliyoandika ni chakula cha hiyo sauti. Kuna kumyuti mtu kwa muda, siku moja, wiki, na muda ukiisha anarudi mwenyewe bila wewe kufanya kitu. Vichujio vya maneno navyo unavipa tarehe ya kuisha. Mi kuna kipindi cha mwaka ambacho watu wanaongelea sana wazazi wao na mi sitaki kusoma hayo wakati huo, naweka kichujio, kipindi kikipita kinajiondoa, na hakuna niliyemkosea. Utafutaji nao kwa miaka mingi waliubana makusudi, zaidi ulikuwa unapata hashtegi na majina ya watu, sababu walijua wanaotafuta maneno kwenye posti za watu mara nyingi wanatafuta wa kumshambulia. Ilipofika 2023 wakaruhusu kutafuta maneno, ila kwa posti za waliokubali tu. Vilevile ile ya kuinukuu posti ya mtu na kumwekea kejeli juu yake, hawakuiweka kabisa mpaka 2025, na walipoiweka mwenye posti ndo anaamua nani aruhusiwe.

Ila kilichonisaidia mimi kuliko vyote ni tahadhari ya maudhui. Unaandika posti yako, unabofya CW (content warning), unaweka kichwa kifupi, "afya ya akili, leo mbaya", na maandishi yenyewe yanajificha mpaka mtu abofye kufungua. Kitu kidogo mno. Wanaokilalamikia wanasema ni kudekezana, mtu mzima unafichwaje maneno. Mi naona wanaangalia upande wa msomaji peke yake. Angalia upande wa mwandishi. Sehemu kubwa ya kunyamaza kwangu miaka yote ilitokana na kuogopa kumwaga uchafu wangu mbele ya watu waliokuja kupumzika, unaandika unafuta, unaandika tena unaweka utani mwishoni ili isiwe nzito, unafuta yote. Ile CW iliniondolea hilo. Aliyefungua kachagua mwenyewe kufungua, kwa hiyo siwezi kujiambia nimemlazimisha. Nikaanza kuandika vitu ambavyo sikuwahi kuviandika popote, kwa lugha ya kawaida, bila utani wa kujikinga. Na nikawa najua waliojibu ni waliokuwa na nafasi ya kujibu siku hiyo.

Sasa hapo kwenye kujibu ndo kuna kitu nataka nikikazie. Sikujibiwa na watu wengi. Seva yetu ni ndogo, tunajuana majina na wengine sura, na posti yangu ya siku mbaya kabisa ilipata majibu ya kuhesabu kwa vidole. Kwenye mtandao mkubwa nshawahi kupata mioyo mingi kuliko hiyo kwa kuandika kitu cha hovyo. Tofauti ilikuja baadaye. Nilikuwa nimeandika kwamba kuna simu natakiwa kupiga na naiogopa, simu ya kawaida tu ya kazini, ile sonona inavyofanya kitu cha dakika 2 kiwe mlima. Siku kadhaa zimepita, mimi mwenyewe nshaanza kujifanya nimesahau, dada mmoja ambaye hatujawahi kuonana akaniandikia, "Kaka, ile simu uliyosema unaiogopa, uliipiga?" Sikuwa nimeipiga. Akasema piga saa hii, mi nipo hapa, ukimaliza niambie. Nikapiga.

Huwezi kupata hilo kwenye mtandao unaopangwa na algorithimu, hata watu wawe wema kiasi gani. Wema wapo kote. Ila ili mtu akuulize juu ya jambo la wiki iliyopita inabidi akuone wiki iliyopita na akuone tena wiki hii, na algorithimu haina sababu ya kumletea mtu yuleyule posti zako za kawaida zisizo na mvuto, itamletea kilichowaka. Ukiwa umezama wewe huwaki. Unapotea kwenye taimlaini za watu kimyakimya na wao hata hawajui kwamba wamekukosa. Kwa mpangilio wa muda, na watu wachache, ukinyamaza inaonekana. Robin Dunbar, mtaalamu wa anthropolojia, ana ile namba yake maarufu ya 150, kwamba binadamu hawezi kuwa na uhusiano wa maana na watu zaidi ya hapo, namba inabishaniwa sana na mi sitaigombania, ila ukikaa kwenye seva ndogo unaelewa alikuwa anazungumzia nini.

Na hili jambo la watu kukaa pamoja bila biashara katikati halikuanza na intaneti. Alcoholics Anonymous wapo tangu 1935, watu waliokuwa walevi wanakaa wanasikilizana, na moja ya misimamo yao ya zamani kabisa ni kwamba kila kikundi kijitegemee kifedha, michango ya nje hawapokei. Wengine wanaona ni ukaidi. Mi naona walielewa mapema sana kwamba anayelipa ndo anayepanga kikao ni cha nini. Na mapitio ya 2020 ya Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta programu za aina hiyo zikiendeshwa vizuri zinasaidia watu kubaki bila kunywa sawa na tiba nyingine za kitaalamu au hata kuzipita. Kuna kingine kule ambacho kinarudi kwenye seva ndogo, nacho ni kwamba anayesaidia naye anapona kidogo. Mi nilipopewa zamu ya usimamizi wa seva yetu nilikuwa na wasiwasi, nikasema mtu kama mimi nitasimamia nini. Kumbe kuna siku sababu pekee ya mi kutoka kitandani ni kwamba leo zamu yangu. Mteja wa app hapewi zamu.

Haya sasa tugeuze upande wa pili, sababu nimesoma makala nyingi za kusifia hii mitandao zimeandikwa kama tangazo, na inachekesha kutangaza kitu ambacho hakiuzwi.

Kwanza, kutokuwa na biashara sio sawa na kuwa salama. Ndiyo, wa biashara wametuonyesha vituko, BetterHelp wanaouza ushauri nasaha mtandaoni walikubali mwaka 2023 kulipa dola milioni 7.8 kwa madai ya mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, kwamba walipeleka taarifa za wateja kwa Facebook na Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, taarifa za watu walioenda kutafuta msaada wa akili zao, fikiria. Lakini Januari 2022 ikajulikana kwamba Crisis Text Line, shirika lisilo la faida kabisa, la kusaidia watu walio kwenye hali mbaya kwa meseji, lilikuwa linatoa data za yale mazungumzo, zikiwa zimeondolewa majina, kwa kampuni ya biashara waliyoizaa wenyewe. Watu wakapiga kelele, wakaacha. Kwa hiyo ukiona neno lisilo la faida usifunge macho, uliza data zinaenda wapi.

Kwenye Mastodon pia, na hili wengi hawajui: meseji binafsi hazijafungwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, mwenye seva akitaka anaweza kuzisoma. Mwenye seva yetu simtilii shaka ila simwandikii mtu humo kitu ambacho kikitoka kitaniangamiza. Kwa mambo hayo tunahamia Signal, app ya meseji zilizofungwa hivyo, ambayo nayo iko chini ya taasisi isiyo ya faida tangu 2018.

Pili, utamaduni wa upole unaweza kugeuka rungu. Lile wimbi la 2022 lilipoingia, watu weusi wengi walioingia wakisimulia ubaguzi wanaofanyiwa walijibiwa weka CW, weka CW, yaani maisha yao ya kila siku yafunikwe ili wengine wasikwazike. Wengi wakaondoka na sikuwalaumu. Chombo kilekile kilichonipa mimi mdomo kiliwaziba wao, na tofauti ilikuwa nani anaamua. Mi najiwekea mwenyewe, wao walikuwa wanaamrishwa.

Tatu, na hapa napaogopa zaidi, watu wagonjwa wakikaa pamoja wanaweza kuzamishana. Nimeviona vikundi, vidogo, bila tangazo hata moja, vya upendo mtupu, ambavyo kadri ulivyokuwa hoi ndivyo ulivyopendwa, na ukianza kupata nafuu unakuwa kama umewasaliti wenzako. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Inatokea tu pale ambapo mada ni moja, maumivu, asubuhi mpaka usiku. Ndo maana mi simshauri mtu aanzie kwenye kikundi cha sonona. Anzia kwenye seva ya watu wanaopenda unachopenda, mimea, redio, kufuma, hesabu, chochote, ambako afya ya akili inaruhusiwa kuongelewa lakini sio tiketi ya kuingilia. Yule dada aliyenikumbusha simu tulijuana kwa kubishana juu ya kamera za zamani.

Nne, zinakufa. Seva ya mastodon.technology ilifungwa 2022, ya Mozilla, wale wa Firefox, ikafungwa Desemba 2024, na hao Mozilla wana pesa. Kuna utaratibu wa kuhama na wafuasi wako kwenda seva nyingine, ila posti za zamani zinabaki nyuma, na kwa mtu ambaye zile posti ndo kumbukumbu ya alivyovuka mwaka mbaya, inauma. Zinakufa sababu mara nyingi mbebaji ni mtu mmoja, kwa mshahara wake na usiku wake, anasoma ripoti za matusi na picha chafu ili sisi tusizione, mpaka siku anachoka. Kila nikisikia mtu anasema mtandao wetu ni wa bure huwa naguna. Mtu fulani analipa, na kama sio mtangazaji basi ni afya ya akili ya admini.

Sisi tulichofanya, baada ya admini wetu kuandika kwamba hawezi tena, ni kugawana. Usimamizi kwa zamu, hakuna anayekaa zamu wiki mbili mfululizo, ripoti za picha mbaya zinaangaliwa na wawili, hesabu za michango ziko wazi kwa memba wote, na asiye na kitu hachangi na hakuna anayejua ni nani. Usajili tuliufunga tulipofika ukubwa ambao bado tunaweza kukumbukana. Tunakataa watu, ndiyo, na huwa najisikia vibaya kila ninapokataa.

Kingine tumekubaliana kabisa ni kwamba sisi sio hospitali. Mtu akiandika kwamba anataka kujiua hatumjibu kwa mioyo wala nukuu. Anayeona kwanza anaita mwenzake, mmoja anabaki na mtu, anamuuliza wazi kama anafikiria kujiua na kama yuko salama saa hii, kumuuliza mtu hivyo hakumpandikizii wazo, wataalamu wa kuzuia kujiua wamelisema hilo miaka na miaka na bado watu wanaogopa, na huyo mwingine anatafuta namba ya dharura ya huko aliko. Njia za kujiua haziandikwi, zikiandikwa tunazifuta. Na wote wawili wakimaliza wanaondolewa kwenye zamu siku zinazofuata, watake wasitake.

Shida ni hiyo ya "huko aliko". Memba wetu wako nchi tofauti, na usiku wa manane hujui upige wapi. Ndo tukaanzisha utaratibu wa hiari, ukitaka unatupa nchi uliyopo na jina na namba ya mtu mmoja wa kumpigia, vinakaa kwa wasimamizi wawili tu nje ya seva, ukiondoka vinafutwa. Mi niliupigia kura na nimeweka vya kwangu. Rafiki yangu wa kamera aliupinga na bado anaupinga, na suala linarudi kwenye kura mwezi ujao. Hoja yake ni kwamba mtu akishajua namba ya ndugu yake ipo kwenye faili letu, siku akiwa vibaya kweli hataandika. Nimejaribu kumjibu mara kadhaa, nikamwambia si ni hiari, akasema kaka, aliyekubali akiwa mzima sio yuleyule atakayekuwa anaandika saa tisa usiku, na hapo mi bado sijapata jibu.